Mtamba, Tembe na Bata Mzinga: Shajara ya Mradi wa Maneno ya Mifugo, Mikindani

8 Mei

Leo tumekaa watu watano nyuma ya duka la dawa za mifugo na kukubaliana kwamba kazi ianze. Chanzo chake ni cha wiki iliyopita. Mama mmoja jirani alikuja dukani na chupa ya dawa ya minyoo ya mbuzi, dawa ambayo nilimuuzia mimi mwenyewe. Binti yake wa kidato cha pili alikuwa amemsomea maandishi ya Kiingereza, akakuta kipimo cha "lambs and kids". Akamwambia: mama, "kids" ni watoto. Mama akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, kumbe dawa hii hii naweza kuwapa na wajukuu? Maana nao wana minyoo."

Alikuwa hajawapa. Namshukuru Mungu kwa hilo, na usiku ule sikulala vizuri.

Binti hakukosea kwa kiwango cha shule. Kitabu chake kinamfundisha kwamba "kid" ni mtoto wa mtu. Asichoambiwa ni kwamba neno hilo kwa asili ni la mtoto wa mbuzi. Waingereza walilitumia zizini kwa karne nyingi kabla halijaanza kuitwa mtoto wa binadamu, na hata lilipoanza lilikuwa neno la mtaani. Mitaani na shuleni maana mpya imeshinda, lakini kwenye chupa ya dawa imebaki ile ya zamani. Neno ni moja na maana ni mbili, na katikati yake wamesimama wajukuu wa mama yule.

Makubaliano ya leo: tutatengeneza kitini kisichozidi kurasa 20, na bango moja la kubandika dukani. Tutachukua maneno ya Kiingereza ya mifugo yanayoonekana kwenye chupa za dawa, magunia ya chakula na karatasi za chanjo. Kila neno tutaeleza ni mnyama wa umri gani, jike au dume, amehasiwa au hajahasiwa, na jina lake la Kiswahili ni lipi. Waliokubali kushiriki ni Mwalimu, ambaye amestaafu baada ya kufundisha Kiingereza maisha yake yote, Shangazi, mwenye kuku 140, Mjomba, anayefuga mbuzi upande wa Naliendele, Mzee wa ng'ombe, ambaye hushuka kutoka Lindi vijijini mara moja kwa mwezi kununua dawa, na mimi.

16 Mei

Nilikuja na jedwali nililolichora usiku. Mstari wa kwanza: "cow", ng'ombe. Mwalimu alichomoa kalamu nyekundu mfukoni (bado anatembea nayo) akaufuta mstari wangu kabla sijaketi.

"Cow ni jike," alisema. "Tena jike aliyekwisha zaa."

Tukashinda na neno hilo moja mpaka adhuhuri. Jike ambaye hajazaa anaitwa "heifer". Dume zima ni "bull". Dume lililohasiwa ili lifugwe kwa nyama ni "steer", na likihasiwa ili livute jembe au mkokoteni ni "ox". Kuna tena "bullock", ambalo zamani lilikuwa dume changa, na siku hizi Uingereza ni dume lililohasiwa. Mtoto wao, awe dume au jike, ni "calf". Kuhusu mnyama mwenyewe, pasipo kujali jinsia yake, Kiingereza kina neno "cattle", lakini neno hilo ni la wingi tu. Huwezi kulitumia kwa mnyama mmoja.

Mzee wa ng'ombe alikuwa kimya muda wote, fimbo yake imeegemea paja. Alihamia kusini na mifugo yake baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, na anajua ng'ombe kuliko sisi sote tukijumlishwa. Akauliza, "Sasa wakimwona mmoja kwa mbali, hawajajua ni dume au jike, wanasemaje?"

"Wanasema cow," Mwalimu akajibu, "wakikaribia wanasahihisha."

Mzee akatikisa kichwa. Sisi tuna ng'ombe, na ng'ombe ni ng'ombe hata akiwa upande wa pili wa bonde. Nimefurahi sana kuligundua hili. Nilizoea kudhani kila palipo na tofauti kati ya lugha hizi mbili, pungufu ni letu.

Kisha Mzee akatugeuzia swali: majina yenu nyinyi watu wa pwani ni yapi? Tukaanza kuhesabu. Mtamba ni jike ambaye hajazaa. Mbuguma ni aliyekwisha zaa. Fahali ni dume. Maksai ni aliyehasiwa, neno lililotoka Kiarabu na lenye shina moja na kuhasi. Ndama. Majina yote tunayo, lakini niandike ukweli: mbuguma alilijua Mwalimu peke yake, na fahali wengi wetu tulilijua kwa methali ya mafahali wawili na zizi moja. Hatukuwahi kumwita mnyama jina hilo. Pwani hii haikuwa na ng'ombe wengi, nzi wa ndorobo walitunyima. Tumebaki na majina ya wanyama ambao babu zetu waliwaona kwa nadra.

Uamuzi: mstari wa kwanza wa jedwali utakuwa "cattle", ng'ombe. Neno "cow" litaandikwa mbuguma, na chini yake maelezo kwamba katika mazungumzo ya kawaida Waingereza humwita hivyo ng'ombe yeyote. Ni muhimu kwa sababu chupa inayokataza dawa kwa ng'ombe wanaokamuliwa haimkatazi fahali.

16 Mei, usiku

Mwalimu amenipa jambo jingine ambalo halitaingia kwenye kitini, ila nalihifadhi hapa. "Cattle" limetokana na neno la Kifaransa cha zamani lililomaanisha mali. Ni ndugu wa "capital", yaani mtaji. Na "fee", karo ya shule, lina undugu na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha ng'ombe na mali kwa pamoja. Walatini nao pesa waliiita pecunia, kutoka pecus, mifugo. Nilimpigia simu Mzee nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza tu kama nilikuwa nafikiri mali ni kitu gani kingine. Mama alisikia kutoka jikoni, akasema mali ni mikorosho.

4 Juni

Hakuna aliyekuja. Watu wako mashambani wanafagia chini ya mikorosho na kujiandaa kupuliza salfa. Maneno yaliyokamilika: 19.

20 Juni

Siku ya kuku, na siku ya Shangazi.

Kwa Kiingereza "chicken" alianza maisha akiwa kifaranga. Mkubwa alikuwa na majina yake, "hen" kwa jike na "cock" kwa jogoo. Baadaye jina la mtoto likapanda likawameza wote. "Fowl" lilikwenda njia ya kinyume: zamani lilikuwa ndege yeyote yule, likasinyaa mpaka likabaki kwa ndege wa kufugwa. Ndiyo maana kwenye karatasi za chanjo tunakuta "fowl pox", ambayo ni ndui ya kuku, na "fowl typhoid", homa ya matumbo ya kuku. Neno ambalo mtaani halisemwi sana limejificha kwenye majina ya magonjwa, kama fahali alivyojificha kwenye methali.

Wamarekani hawapendi kusema "cock", kwa sababu limepata maana ya matusi, hivyo jogoo wao ni "rooster", yaani ndege anayetua juu ya kijiti kulala. Mwalimu ameshauri tuyaandike yote mawili. Pia tueleze kwamba "cock" hilohilo ni koki ya bomba. Fundi bomba wa hapa mtaani, tulipomwambia, alishangaa kwamba miaka yote amekuwa akifungua na kufunga jogoo.

Shangazi alikuwa anachambua dagaa huku akisikiliza. Kila tulipotaja neno la Kiingereza na kulieleza, alitupa jina bila kuinua macho. Jogoo mchanga ambaye hajaanza kuwika? "Pora." Jike aliyekaribia kutaga? "Tembe." Anayetaga? "Mtetea." Niliandika mbio. Nimeuza dawa za kuku miaka minne na nimekuwa nikisema "kuku mdogo" na "kuku mkubwa" kama mtu asiye na lugha.

"Broiler" limetoka kwenye kitenzi cha kubanika nyama juu ya moto, na "layer" kwenye kutaga. Mtaani ni broila na leya, nasi tumeyaacha hivyohivyo, pamoja na kuku wa nyama na kuku wa mayai. Tatizo la "layer" ni kwamba mwanafunzi wa jiografia analijua kama tabaka la mwamba au la hewa. Mtoto mmoja aliyekuja kumsomea mama yake gunia alisema ni chakula cha matabaka.

Tumeweka na "Newcastle", ingawa si jina la mnyama, kwa sababu wateja wengi wanadhani ni neno la kitaalamu lenye maana ya ndani. Ni mji wa Uingereza tu, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa miaka ya 1926 na 1927. Kwetu ni mdondo, wengine husema kideri.

Nimegawa nakala sita za rasimu ya ukurasa wa kuku kwa majirani wajaribu kuutumia.

5 Julai

Naandika hili jinsi lilivyotokea.

Katika rasimu niliyogawa, neno "pullet" nililiandika "kuku mchanga, kifaranga". Nililipata hivyo kwenye kamusi ya mfukoni, na nilikuwa nimelichapa kabla Shangazi hajatutajia tembe, ambalo ndilo jina lake. Nikasahau kulirekebisha. Jirani mmoja alikuwa na dawa ambayo karatasi yake inasema asipewe "pullet" ndani ya wiki nne kabla ya kuanza kutaga. Akafungua rasimu yangu: kifaranga. Akaangalia banda lake: kuku wake walikuwa wamevuka uvifaranga zamani. Akawapa dawa. Siku ya tisa wakaanza kutaga.

Alikuja asubuhi na trei tatu za mayai, ana furaha, anataka nimsaidie kutafuta mteja hotelini. Nilipoona dawa aliyotumia nikajua. Nilimweleza. Mayai yale hayauziki wala hayaliwi, na yatakayofuata kwa wiki kadhaa vivyo hivyo. Tumeyafukia nyuma ya banda lake, mimi nikichimba. Nimemlipa trei zote na nitaendelea kumlipa mpaka muda uishe. Hakunigombeza. Alisema tu, "Si uliandika wewe?" Na ni kweli niliandika mimi.

Kamusi haikusema uongo. Tembe kweli ni kuku mchanga. Lakini uchanga una hatua zake, na dawa inahesabu hatua hizo kwa wiki. Tangu leo hakuna neno litakaloingia bila umri, na hakuna ukurasa utakaotoka nje kabla mfugaji mwenyewe hajausoma kwa sauti mbele yetu. Pia kila ukurasa utaachwa mistari mitupu chini, ili anayejua zaidi yetu aandike.

Nimezunguka nyumba zote sita na kukusanya nakala za zamani. Zimerudi tano. Ya sita imefungiwa karanga sokoni.

22 Julai

Nguruwe. Nilikuwa na wasiwasi na kikao hiki. Mikindani ni mji wa Waislamu kwa sehemu kubwa, nasi tunakutana hatua chache kutoka msikitini. Nilitaka kuuliza kwa adabu kama tuuache ukurasa huo. Mjomba, ambaye hakosi swala, alinikatiza: "Mimi sili wala sifugi. Lakini huko Masasi na Newala wapo wanaofuga, na anayefuga naye anasoma chupa." Ukurasa umebaki.

Hapa Kiingereza kimegawanyika kwa bahari. Zamani "pig" alikuwa mtoto wa nguruwe, na kundi zima liliitwa "swine". Uingereza ya leo "pig" ni nguruwe yeyote. Marekani mara nyingi "pig" ni mdogo, na aliyekomaa kwa soko ni "hog". Lakini mfugaji wa Uingereza akisema "hog" anaweza kumaanisha dume lililohasiwa. Neno "swine" limebaki kwenye matusi na kwenye ugonjwa: "African swine fever", homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 kutoka Kenya na haina tiba mpaka leo.

Kilichotuchelewesha ni "hogget". Lilikuwa kwenye karatasi ya dawa ya minyoo ya kondoo. Hata Mwalimu alisita, akasema labda wamechanganya karatasi. Hawakuchanganya. "Hogget" ni kondoo wa karibu mwaka mmoja ambaye hajakatwa sufu kwa mara ya kwanza, na sehemu nyingine za Uingereza huitwa "hog" kwa kifupi. Mjomba aliposikia alivuta pumzi ndefu. Mfugaji Mwislamu akielezwa na mtu anayejua nusu kwamba dawa ya kondoo wake inataja nguruwe, dawa hiyo ataitupa, na kondoo watakufa kwa minyoo. Tumeliandika kwa herufi kubwa kuliko maneno yote ya ukurasa: HOGGET NI KONDOO.

Kiswahili cha kondoo au mbuzi wa umri huo ni mfarika. Mjomba ndiye aliyelitoa, alilisikia kwa bibi yake.

Maneno yaliyokamilika: 47.

10 Agosti

Bata. Au niseme ndege tunaowaita bata, kwa sababu wawili kati ya watatu si bata.

Bata mwenyewe ni rahisi. "Duck" amepewa jina kwa kazi yake ya kupiga mbizi. Kitenzi hichohicho ni kuinamisha kichwa ghafla. Wafugaji wakitaka kuwa makini, "duck" ni jike na dume ni "drake". Bata bukini ni "goose", na dume lake "gander". Bukini ni jina la kale la Madagaska katika Kiswahili, nasi tumembandika ndege huyo kisiwa kizima mgongoni.

Ila wa kusisimua ni bata mzinga. Waingereza wanamwita "turkey", yaani Uturuki. Nilimpigia binamu yangu aliye ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, nikamuuliza wao wanamwitaje. Akasema "peru", Kireno, kama nchi ya Peru. Waturuki wenyewe wanamwita "hindi", wakimaanisha wa India. Kila taifa limemsukumia mwingine. Kwao halisi ni Amerika.

Waingereza walikoseaje? Hapa ndipo jambo linapofika kwetu. Kabla hawajamwona ndege wa Amerika, walikuwa wanamjua ndege mwingine aliyewafikia kupitia nchi zilizokuwa chini ya Waturuki, wakamwita jogoo wa Uturuki. Ndege huyo alikuwa kanga. Kanga huyuhuyu anayekimbia makundi makundi kwenye mashamba yetu, ambaye madoa yake ndiyo yaliyoipa jina khanga anayojifunga mama. Karne ya 16 ndege mkubwa wa Amerika alipofika Ulaya wakawachanganya, mgeni akachukua jina, na kanga akapewa jingine, "guinea fowl", ndege wa Guinea. Nilipomsimulia Shangazi alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi walimnyang'anya." Nimeliandika kama alivyolisema, maana sina maelezo bora.

Kwa mfugaji jambo la kushika ni fupi: dawa iliyoandikwa "turkeys" ni ya bata mzinga, na kipimo cha bata wa kawaida kitafutwe mahali pake.

27 Agosti

Msimu wa nyangumi. Kijana anayepeleka wageni baharini alikuja na swali: mgeni wake aliona nyangumi na mtoto wake akapiga kelele "cow and calf". Anauliza kama mgeni alikuwa anawatukana. Hapana. Kiingereza kinawapa nyangumi na tembo majina ya zizini, "bull", "cow" na "calf", na ni istilahi za heshima kabisa. Sisi wenyewe husema ndama wa tembo. Nimeongeza mistari minne kwa ajili yake, ingawa hakuna anayempa nyangumi dawa ya minyoo.

14 Septemba

Mwalimu ameomba tujaribu maneno yetu kwenye habari ya kweli, si chupa tu. Amechagua habari ya mji wetu. Mwaka 1866 David Livingstone alianzia hapa Mikindani safari yake ya mwisho ya kwenda bara. Alikuja na wanyama wa mizigo: ngamia, punda, "mules" na "buffaloes" kutoka India. Alitaka kuona kama wanyama hao wangestahimili ndorobo. Hawakufika mbali, walikufa njiani mmoja baada ya mwingine.

Tuliwapa wanafunzi wanne aya fupi ya Kiingereza wachore walichoelewa. Michoro ilipokuja nikajua kazi bado.

Mwanafunzi mmoja alichora nyati wetu wa porini, pembe zimekunjamana, amefungwa kamba na anaongozwa kwa upole na mtu. Neno "buffalo" limemdanganya. Mnyama wa Livingstone alikuwa nyati wa Kihindi, anayefugwa, anayelima na kukamuliwa. Kiingereza kinawaita wote wawili "buffalo", na Wamarekani wanamwita hivyo hata mnyama wao wa nyikani ambaye wataalamu humwita baisoni. Wanyama watatu wa mabara matatu wamegawana jina moja.

Mwingine alichora nyumbu wa Serengeti, ndevu na mkia, amebeba masanduku. Huyu hakudanganywa na Kiingereza. Alitafuta "mule" kwenye kamusi, akapata nyumbu, na kamusi ni sahihi: nyumbu ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Lakini nyumbu kwetu ni pia yule wa porini anayevuka mto Mara kwa maelfu. Kosa ni la lugha yetu, na nimelipokea kama nilivyoyapokea yale ya Kiingereza. Kwenye kitini tutaandika nyumbu wa mizigo na nyumbu wa porini.

Mwalimu ameomba michoro yote minne abaki nayo. Ameibandika sebuleni.

6 Oktoba

Mama alikuwa anakuna nazi nami niko kibarazani na karatasi zangu. Nikamtazama amekaa juu ya mbuzi, na neno likanijia lenyewe. Mbuzi ya kukunia nazi! Nimetafuta maneno ya Kiingereza yenye maana mbilimbili tangu Mei, na mbuzi amekuwa chini ya mama yangu kila jioni. Waingereza nao hufanya hivyohivyo. Kile kigoda cha fundi seremala cha kulazia ubao wakati wa kukata ni "horse", farasi. Na kile cha mchoraji cha kuegemezea picha, "easel", wamekitoa kwa Waholanzi, ambao kwao maana yake ni punda. Chochote chenye miguu kinachobeba mzigo bila kulalamika, watu wanakipa jina la mnyama.

Nimetaka kuliweka kwenye kitini. Kikao kimekataa, na nakubali kwamba hakimsaidii mfugaji. Lakini nimeshinda jambo jingine: beberu. Vijana wote tuliowauliza wanalijua neno hilo kwa somo la historia, ubeberu na ukoloni. Wawili tu kati ya kumi na mmoja walijua kwamba ni dume la mbuzi. Litaingia, mbele ya "buck" na "billy goat", na mchoro wa mbuzi dume mwenye ndevu.

Ukurasa wa nyama umepunguzwa mno. Kwamba "beef", "pork" na "mutton" ni Kifaransa kilichoingia baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066 ni habari nzuri, ila tumeiweka mstari mmoja. Tumelibakiza onyo moja: "mutton" kwa Mwingereza ni nyama ya kondoo mzima, na kwa watu wengi wa India ni mbuzi. Anayeuza nyama kwenye mahoteli ya mjini aulize kwanza.

Maneno: 83. Tunafunga orodha.

3 Novemba

Nakala 80 zimetoka stationari ya mjini Mtwara. Tulichelewa wiki mbili kwa sababu fedha zilisubiri mnada wa korosho. Mjomba na Shangazi wamechangia kutoka malipo yao ya kwanza. Kurasa ni 18. Ukurasa wa kwanza ni wa mbuzi, si wa ng'ombe, na neno la kwanza kabisa ni "kids".

Binti wa kidato cha pili ndiye aliyeusoma ukurasa huo kwa sauti mbele ya kikao kabla haujachapwa, mama yake amekaa pembeni. Alisoma vizuri. Alipofika "mtoto wa mbuzi, tangu kuzaliwa mpaka kuachishwa ziwa", alisimama akamwangalia mama, kisha akaendelea.

Jirani wa mayai amechukua nakala mbili. Alifungua moja kwa moja ukurasa wa kuku, akatafuta tembe, akasoma umri mara mbili kimoyomoyo, akakunja.

9 Novemba

Mzee wa ng'ombe amekuja na mjukuu wake. Nakala yake ilimfikia kwa basi Jumatatu, na amesomewa yote. Anasema ukurasa wa ng'ombe ni mzuri lakini una tundu. Hatujaweka jina la ng'ombe aliyefiwa na ndama na bado anakamuliwa. Nikamwambia hata Kiingereza tulichokusanya hakina neno moja la huyo. Akasema hilo si swali lake. Swali lake ni kwamba yeye ana ng'ombe wawili wa hivyo nyumbani, maziwa yao hayatoki kama ya wenzao, na kwao Usukumani kuna namna ya kumtaja.

Mjukuu ameomba kalamu. Wameinama wote wawili juu ya kaunta, ukurasa wa 4, mistari mitupu ya chini. Mzee anataja herufi moja moja, na mtoto anamwomba arudie.

Nimeacha wateja wasubiri.